Kwa Yaya Furaha, Niliyemkana Mpakani

Mpendwa Yaya,

Mama tulimzika Jumamosi iliyopita, na wewe hukuwepo. Nakuandikia nikiwa mezani jikoni hapa Burnsville, nje kidogo ya Minneapolis. Masufuria ya msiba bado hayajarudi kwa wenyewe, Esther yuko shule, na kazini wamenipa siku tatu za kulia. Nimekuita Yaya kama tulivyozoea kule Uvira kumwita mkubwa wetu. Sijui kama bado nina ruhusa hiyo.

Watu walikuulizia sana. Wale wamama wa kwaya walinivuta pembeni wakaniuliza, "Neema, Furaha iko wapi? Hata kuzika mama?" Nikawapa jibu lile lile ambalo nimekuwa nikilitoa kwa karibu miaka miwili, kwamba Furaha amekasirikia Amerika, ameapa hakanyagi tena huku. Wakatikisa vichwa. Mmoja akasema Wakanada wote siku hizi wako hivyo, hata dada ya mume wake aliyeko Ottawa ameacha kuja. Jibu langu liliwatosha, maana lilikuwa kweli. Lakini lilikuwa nusu ya kweli, Yaya, na nusu ya pili tunaijua mimi na wewe tu. Ndiyo maana nimeomba barua hii ichapishwe kwenye jarida la jumuiya yetu. Uwongo niliusema mbele za watu, basi na hili walisikie watu.

Wasiotufahamu waelewe kwanza sisi ni nani. Mama Mkubwa, yule aliyekuzaa, alifariki tukiwa njiani kukimbia vita, ukiwa na miaka saba. Mama yangu alikuwa amenibeba mgongoni. Akakushika mkono, na kuanzia siku hiyo hakuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kusema wewe si wake. Kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Baba alipobahatika kupata mgebuka, kichwa cha samaki kilikuwa chako kwa sababu wewe ndiye kifungua mimba. Mimi nililalamika kila mara, na kila mara niliambiwa nisubiri kuwa mkubwa. Nilikuja kusikia habari za Mama Mkubwa nikiwa na miaka kumi na mmoja, kwa jirani mwenye mdomo. Nikarudi nyumbani nalia. Ulinicheka! Ukaniambia, "Sasa weye unalia nini? Ni mimi ningelia." Kisha ukanikalisha chini ukaendelea kunisuka nywele, ukazivuta kwa nguvu kuliko kawaida.

Ulipoolewa ulipata faili lako la wakimbizi wa kuhamishiwa ng'ambo, na faili hilo likakupeleka Winnipeg, Kanada. Letu likatuleta Minneapolis, mimi na Mama peke yetu, Baba akiwa ameshalala kaburini kule kambini. Tulipangiwa kijumba cha vyumba viwili mtaa wa Phillips, ghorofa ya tatu. Wewe ulitupigia simu ukatusimulia habari za Mama Jeanette, yule mfugaji wa ng'ombe wa maziwa ambaye kanisa lake liliwapokea, jinsi alivyowasubiri uwanja wa ndege na makoti mawili mkononi bila kujua saizi zenu. "Mama, huku baridi inauma mpaka meno," ulisema, na Mama akacheka hadi akakaa chini.

Halafu ukapata pasipoti ya Kanada, ukaanza kutujia kila Julai. Ukweli ni kwamba wakati huo ulipenda Amerika kuliko mimi ninayeishi humu. Ulikuwa hujamaliza kumsalimia Mama, tayari unauliza maduka yanafungwa saa ngapi. Viatu, jibini, mashuka, yote ulisema ya kwetu ni mazuri kuliko ya kwenu. Ulimwambia Mama, "Amerika ni jirani muzuri, hakunyimi kitu." Ukirudi, ulimchukua Esther wangu akakae kwako wiki tatu. Alikuja akiwa amesukwa vizuri na amejifunza maneno mapya ya Kiswahili ambayo mimi nilishindwa kumfundisha mwaka mzima. Wewe alikuita Mama Furaha. Nilikutania kwamba utaniibia mtoto, ukanijibu kwa ukali wa uongo, "Nikuibie juu ya nini? Mutoto ni wetu."

Kila mwaka niliandika barua ya ruhusa, nikaipigisha muhuri, ili mpakani msisumbuliwe. Mwaka ule wa 2017 sikuandika. Nilikuwa nafanya shifti mbili pale nyumba ya wazee, na nilikuwa nasomea usaili wa uraia. Nilipokuambia tusubiri hadi Jumatatu nikapate muhuri, ulikunja uso. "Barua ya nini? Mama mukubwa anaomba ruhusa ya mutoto wake?" Nikacheka, nikakuachia. Kwetu ulichosema ni sawa kabisa, na hakuna Mkongo ambaye angeona kosa. Kwenda, Wakanada walikuuliza maswali mawili wakakupisha.

Mlipokuwa mnarudi, Agosti, simu iliniita nikiwa namlisha mzee mmoja uji. Ofisa wa mpakani, upande wetu wa Amerika, akaniambia kuna mwanamke ana mtoto wangu. Niliendesha gari kwa muda wa karibu saa sita bila kusimama. Sikujua mlichotendewa hadi nilipofika. Walikuuliza mtoto ni nani kwako, ukasema ni mtoto wako. Wakamchukua Esther chumba kingine, wakamuuliza kama wewe ni mama yake. Mtoto wa miaka sita akasema hapana, maana ndivyo alivyofundishwa shule, kujibu ukweli. Wakakuchukua alama za vidole. Wakamwaga mfuko wako wa nguo mezani, na ile sombe, majani ya muhogo uliyotwanga kwa ajili ya Mama, wakaitupa. Nilikukuta umekaa kwenye benchi umeinamisha kichwa, mikono umeiweka katikati ya magoti. Sijawahi kukuona umekaa hivyo, hata kambini.

Ofisa aliyenihoji alikuwa mtu mpole. Hilo ndilo linaloniuma, maana hata kisingizio cha kutishwa sina. Alifungua faili langu kwenye kompyuta. Kule kambini Mama aliulizwa amezaa watoto wangapi, akajibu kwa haki yake kwamba amezaa mmoja. Wewe umeandikwa kama mtoto wa marehemu dada yake. Majina yetu pia hayafanani, kwa sababu kwetu kila mtoto hupewa jina lake. Ofisa akaniuliza taratibu, "Huyu anasema ni dada yako. Ni dada yako?"

Usaili wangu ulikuwa umebaki wiki tatu. Niliwaza, nikisema ndiyo wataona nimedanganya kwenye karatasi, watanifungulia faili upya, na mwaka ule kila mtu mtaani kwetu alikuwa na hofu ya kufukuzwa nchini. Kuna watu wa jengo letu la zamani walikuwa wameondoka wakati wa theluji wakavuka kwa miguu hadi kwenu, mmoja wao wewe mwenyewe ulimuuguza vidole vilivyoungua kwa baridi. Nilikuwa na muda wa kueleza. Ningeweza kusema, kwetu watoto wa mama wawili walio ndugu ni ndugu, hakuna jina lingine. Nikasema, "No. She is my cousin."

Mlango ulikuwa wazi. Pale kwenye benchi, wewe uliinua kichwa.

Ofisa akaandika, akaturudishia vitu vyetu, akatutakia siku njema. Wewe ulipiga magoti ukamfunga Esther kamba za viatu, ingawa zilikuwa zimefungwa. Ukasema, "Musalimie Mama." Kisha ukageuza gari kuelekea kaskazini. Sikukufuata. Nilisimama pale nikiwa nimemshika mtoto, na njia nzima ya kurudi Esther aliniuliza, "Mommy, did I say it wrong?" Nikamwambia hapana, mwanangu, wewe hukukosea.

Mama nilimwambia Amerika imekurudisha. Aliwasema Waamerika kwa adabu yake, kwamba wana chakula kingi ila hawana haya, akaenda kulala bila kula.

Mwaka uliofuata nchi yako yote ikakasirika, nami nikapata pa kujificha. Rais wa huku alianza kusema maziwa yenu yanawaumiza Waamerika, akaweka ushuru kwenye chuma chenu, ikasemwa kwamba Kanada ni hatari kwa usalama. Kwenye simu ulikuwa huongei nami, ulikuwa unaongea na Mama kwa spika, nami nilikuwa nasikiliza nikijifanya naosha vyombo. Ulimsimulia kwamba dukani watu wanageuza makopo kutazama yametoka wapi, wakiona Amerika wanayarudisha. Kwamba mtaani kwenu waliokuwa wakivuka kila mwezi kuja kununua vitu wamekatisha safari. Ulimsimulia jinsi Mama Jeanette, mwanamke asiyepaza sauti hata kwa ng'ombe, alivyosimama kwenye ukumbi wa kanisa akalia: "Miaka yote tumeishi nao kama ndugu, leo wanasema hawatujui."

Hapo nilimnyang'anya Mama simu, sijui kwa nini. Nikakuambia nyinyi Wakanada mnalilia maziwa wakati huku watu wanakamatwa, kwamba umepewa nchi ya barafu na sasa unajivuna. Nilisema vibaya, Yaya. Ukanijibu maneno ambayo nimeyabeba tangu siku hiyo: "Hata bakiomba samahani, hata babadilishe rais, mi nimeshajua kama banaweza kufanya hivi. Jirani akishakufanyia vile, unaweza kumusalimia, lakini mulango unafunga." Mama alidhani unaongea habari za Amerika. Mimi nilijua ni nani unayemwambia.

Na sikupinga, kwa sababu una haki. Niliwahi kuona ajabu kwamba nchi nzima inaweza kuumia kwa maneno ya mkubwa mmoja na kukataa kusahau, wakati huku watu wengi hata hawakumbuki kilichosemwa. Hapa kazini nilimuuliza mwenzangu anafikiri nini juu ya hasira ya Wakanada, akashangaa, "Kwani wamekasirika?" Nikajiona mimi. Nilikuvunja, nikaenda zangu kwenye usaili, nikafaulu, nikapunga kibendera, nikala keki.

Mama alianza kuugua baada ya Krismasi. Nilikutumia ujumbe. Ulinijibu, "Namuombea. Huko sirudi." Ningeweza kukupigia nikakuambia njoo, kosa ni langu, nitakutana nawe pale pale mpakani na nitamwambia kila ofisa wewe ni nani. Nilishakuwa na pasipoti, hakuna aliyeweza kunifanya kitu. Nilitaka uje bila mimi kusema. Nilidhani ugonjwa utanifanyia kazi ambayo ulimi wangu umeshindwa.

Sasa nakuandikia lile lililonikalisha hapa asubuhi hii. Siku mbili kabla hajatutoka, Mama aliamka akili zake zikiwa timamu. Ilikuwa mchana, nesi alikuwa amefungua pazia. Aliniuliza, "Furaha amesema mi si mama yake?"

Nikamwambia hapana, Mama, hajasema hivyo.

"Sasa nilimukosea wapi? Nilimugawia vibaya? Wakati mulikuwa batoto, nilikupenda weye kumupita?"

Alikuwa amekaa na swali hilo miaka miwili, Yaya. Alidhani umekua, umepata nchi yako, ukakumbuka kwamba hakukuzaa. Alikuwa anapitia maisha yenu yote akitafuta mahali alipokubagua, na hakupapata. Alinishika mkono akingoja nimjibu. Nilikuwa na jibu mdomoni, na tulikuwa peke yetu. Nilitengeneza mto wake nikamwambia, "Ni mpaka, Mama. Ni Amerika."

Akasema, "Mupaka haumuzuie mutoto." Akageukia ukutani.

Hakuniuliza tena. Amekwenda akiamini ni wewe uliyemwacha, na ni mimi niliyemwacha aamini hivyo. Sikuombi uje, wala sikuombi unifungulie. Nchi hii iendelee kuichukia, ni haki yako. Ila siku ukimlilia Mama, umlilie kama mama yako, maana hakuacha kukuita mtoto hata siku moja. Nilijua hilo siku ile mpakani, na nilijua pale kitandani kwake.

Baki salama, wewe na nyumba yako.

Mdogo wako wa mwisho na wa pekee,
Neema