Mama wa Marehemu Anaamini Seli Zile ni za Mwanawe

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana nimefika mahali sijui nishike lipi niache lipi. Mimi ni msichana wa mwaka wa tatu chuo kikuu, nasoma baiokemia ya seli na molekuli, na mradi wa mwisho nilikuwa naufanya na mwenzangu tuliyezoea kumwita Babu kwa ajili ya mwendo wake wa taratibu na sweta lake la vifungo, ingawa nilimzidi umri kwa mwaka mzima. Kazi yetu ilikuwa kulea seli kwenye chupa ndani ya kabati la joto, tunazibadilishia maji yao mekundu yenye chakula, kisha tunazijaribishia dawa, yeye ana chupa zake na mimi zangu. Basi likizo iliyopita akaamka kichwa kinamuuma na shingo imekakamaa, wakasema homa ya uti wa mgongo, na wiki ile haikuisha akatutoka. Sikulia. Nilirudi maabara nikaendelea kulisha chupa zake.

Mama yake alipokuja kuchukua vitu hosteli, aliomba aone mahali mwanawe alipokuwa akishinda, nikampeleka, nikaweka chupa moja kwenye darubini, akainama akaangalia muda mrefu, kisha akaniuliza, "Hizi ni za mwanangu?"

Nikamjibu, "Ndiyo mama, ni zake."

Mimi nilimaanisha ni yeye aliyezilea. Yeye akashika meza, akasema polepole, "Kumbe amebaki kidogo."

Hapo ndipo nilipoelewa alichoelewa. Mshauri, seli zile zilitoka kwenye figo la tumbili kabla mimi na Babu hatujazaliwa, maabara nyingi zinazitumia, hazina hata tone la damu yake, lakini ningemwambia nini mama wa watu pale, macho yake bado yana alama ya darubini?

Tangu siku hiyo ananipigia kila Jumapili, anauliza wameamkaje, wamekula, kama anaulizia watu, na nikisema wazima sauti yake inachangamka. Nami nimezishughulikia chupa za Babu mpaka zangu zikafa kwa njaa, msimamizi akaniita akaniambia wazi kwamba nisipoanza upya nitarudia mwaka. Kisha juzijuzi ukungu ukaingia kwenye chupa zote za Babu, fundi wa maabara akaniambia nizimwagie klorini kabla haujaenea kabati zima, nikamwaga mwenyewe, nikaosha sinki, nikaenda darasani. Jumapili mama akapiga. Nikamwambia wazima.

Sasa mwisho wa mwezi anakuja na dada zake Babu wawili wazione. Kwenye friza zipo seli nyingine za aina ileile, nikiziyeyusha leo chupa itakuwa imejaa kabla hawajafika na hakuna atakayejua. Je, nizikuze ili mama atulie? Nikimwambia ukweli, si nitakuwa nimemfisha mwanawe mara ya pili?

Mlezi wa Chupa

JIBU

Binti yangu, pole kwa msiba. Katika barua yako yote sijaona mtu aliyekupa pole, labda wote wanadhani aliyefiwa ni mama peke yake.

Nimeshakupa pole, sasa nikuseme. Kwa siku ile ya darubini sikulaumu, ulishtuka. Lakini Jumapili iliyofuata ulikuwa na nafasi, na iliyofuata tena, ukaipoteza nafasi hiyo kwa neno "wazima". Usijidanganye kwamba ulikuwa unamlinda mama. Maadamu chupa zilikuwepo, na wewe hukulazimika kumzika rafiki yako.

Hizo za friza ziache hukohuko. Ukizikuza, mwezi huu ni dada wawili, mwakani ni shangazi na wajomba, na ukihitimu utamwachia nani kazi ya kudanganya? Siku mtu wa maabara atakapomwambia kwa kicheko kwamba alikuwa anaulizia hali ya figo la tumbili, hapo ndipo utakapokuwa umemuua mama mwenyewe.

Usingoje waje, na usimwambie kwa simu; nenda nyumbani kwao. Zungumza kwanza na dada mkubwa, ili mama asibaki peke yake. Mwombe msimamizi wako afuatane nawe, anahitajika mtu mzima hapo. Ukifika sema kwa kifupi: hazikuwa za mwili wake, ni za mnyama, mwanao alizilea vizuri, mimi nilishindwa kukusahihisha, na sasa hazipo. Usifundishe baiokemia. Usijitetee. Akikufukuza, toka, ana haki yake. Akinyamaza, kaa.

Na akikuuliza mwanawe alikuwa anaishije huko chuoni, mwambie kila unachokumbuka, hata cha kipuuzi. Hilo ndilo lililomleta maabara siku ile, na wewe ukamwonyesha chupa.