Biasha Haitiki

Narung'ombe,
Ruangwa.
25 Februari 2024

Mpendwa Kaka Yunusi,

Asalaam aleikum. Pokea salamu zangu na za mama. Hujambo wewe, wifi Amna na watoto? Lile jino limeng'olewa, au bado unaliogopa? Sisi huku wazima kwa kiasi chetu. Mimi nimechoka tu, uchovu wa mtu aliyekaa sana kwenye benchi.

Mvua si haba. Mahindi yamesimama, na ufuta umeota vizuri isipokuwa upande wa bondeni ambako maji yalituama. Ule mkorosho mkubwa wa marehemu baba umeanguka wenyewe, siku isiyo na hata upepo.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu yetu ni moja, na mama anapenda kuiweka spika. Jirani yetu Prisca anakuja Dar kesho, ndiye atakayekupa barua hii.

Unakumbuka nilikuambia kwamba mwanzoni mwa mwezi wa kwanza mama alikatwa kipande kidogo cha nyama kwenye ule uvimbe wa titi, kikapelekwa kupimwa. Tuliambiwa tufuate majibu baada ya wiki tatu. Basi ikawa kila Alhamisi tunatoka alfajiri kwa bodaboda, mama katikati, mimi nyuma, mpaka hospitali kule Nachingwea. Karani anatoka na bahasha zake, anaita majina. La mama, Mwanaheri, halimo. Namfuata dirishani, anapekua, anasema bado hayajarudi. Wiki ya tatu nilimgombeza mpaka watu wakageuka. Mama akanivuta kanga, akasema twende zetu.

Kulikuwa na jina moja lililoitwa kila wiki bila mtu kuitika: Biasha Saidi. Nilimchukia huyo mwanamke, Kaka. Majibu yake yapo na yeye hana habari, sisi tunayalilia ya kwetu hatuyapati.

Alhamisi hii, ya tano, karani akaliita tena. Mama, aliyekaa kando yangu, akasema, "Abee."

Nilidhani amesinzia. Kumbe siku ile ya kukatwa kinyama, nilipokwenda kununua daftari la matibabu, karani alimwuliza jina lake la kuzaliwa, naye akajibu alichoulizwa. Biasha ndilo jina alilokuwa nalo kabla ya kuchezwa unyago na kupewa hili la Mwanaheri. Sisi wanawe tungelijuaje? Na kina Saidi wamejaa huku, hata sikumfikiria babu mzaa mama. Wewe mwenyewe ulipotoka jandoni, mtu akikuita jina la zamani mlikuwa mnapigana. Sasa mfikirie mama, mbele ya umati ule.

Nikamwambia nimeelewa, aliona aibu. Akanitazama.

"Si aibu. Nililisikia tangu siku ya kwanza. Niliona nimalize kwanza palizi."

Palizi tuliimaliza Jumatano.

Daktari ametusomea. Ni saratani. Amesema haijasambaa, ila aje Dar akafanyiwe upasuaji kabla mwezi wa tatu haujaisha. Kama wiki hizi za kungoja zimemdhuru, sikuuliza, na wewe usiniulize. Nililia pale pale, mama akawa anaulizia kama kijana wa bodaboda ameshakula. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Naogopa, Kaka, na nimechoka hata kuogopa kwenyewe.

Tutafika Jumanne ya tarehe tano Machi, jioni. Njoo stendi wewe mwenyewe, usitume mtu. Mwambie wifi asipike mambo makubwa, siku hizi mama anakula uji na mboga kidogo.

Nisalimie shangazi Mwanamvua, na Ramadhan mwanao, mwambie bibi yake anamletea karanga. Na dada yake, Mwanaheri mdogo, wajina wa bibi, mpe pole ya mafua.

Jambo la mwisho. Karatasi zote za rufaa zimeandikwa kwa jina lile, na daktari ametuonya tusilibadilishe, zitapotea. Mimi nitarudi shamba baada ya wiki moja, utakayekaa naye ni wewe. Ukiwa pale kwenye benchi ukasikia wanaita Biasha, na mama amenyamaza anaangalia chini, itika wewe.

Mungu akulinde, na atufikishe salama mpaka kwako.

Wako akupendaye,
mdogo wako,
Kulthumu