Maziwa ya Mama wa Mogitu

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Goti la babu yako lina nafuu, na maharage yameanza kutoa maua.

Umeniuliza ubebe nini mkienda kuwagawia chakula watu waliokimbia mafuriko huko kwenu.

Kabla sijaolewa, mto ulisomba maboma ya wafugaji kule Mogitu. Sisi wa Maretadu tukachanga mahindi, tukawapelekea kwa trekta. Mama mmoja mzee, aliyebakiwa na ng'ombe mmoja tu, akanipa kikombe cha maziwa.

Nikasema, "Asante mama, wape watoto."

Akakiweka chini, kisha akausukuma mfuko wa mahindi hadi miguuni kwangu.

"Basi na haya rudi nayo. Mimi bado nina nyumba, hata kama ni turubai. Mgeni wangu haondoki na koo kavu."

Niliona aibu, Neema. Nikanywa yote, watoto wake wakinitazama. Ndipo akatabasamu, akajitwisha mfuko wake.

Kwa hiyo beba unga, beba na mafuta. Ila asubuhi hiyo usinywe chai ukashiba. Waachie nafasi tumboni mwako.

Bibi yako,
Maretadu