Jina la Dereva wa Lori

Nyakunguru, Tarime
11 Februari 2024

Mpendwa shangazi Tabitha,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta unatembea vizuri na lile goti limepunguza kukusumbua. Huku tunakula na tunalala. Huruma ameota meno mawili ya juu, sasa ananing'ata akinyonya, kisha ananitazama usoni aone nitafanya nini. Simon yuko machimboni tangu Jumatatu, atarudi Jumamosi. Baba mkwe, Mzee Elia, na mama mkwe wanakusalimu sana.

Shangazi, nimemaliza hadithi yangu. Haya ndiyo madaftari mawili ya mwisho. Nimeyafunga kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu ya mvua na kumpa kondakta wa basi la Mugumu. Sasa utakuwa nayo saba. Nilikuwa naandika mchana mtoto akilala, mengine nimeandika yuko mgongoni nikisubiri maji yachemke, ndiyo maana herufi zimelala. Ukurasa wenye doa ni maziwa, samahani.

Uliniambia Lilian asiolewe na yule mwenye duka. Nimekusikia. Anaendelea kumsubiri dereva wake, Mniko, pale Sirari mpakani na beseni lake la ndizi, na kila lori likipunguza mwendo anasimama. Mwisho Mniko anarudi. Nilijaribu kumuua, nikaandika ajali, nikalia mpaka mama mkwe akaja kuuliza kama nimepigwa. Nikaichana ile ajali.

Mimi niliishia kidato cha pili, unajua. Kwa hiyo nakuuliza wewe unayechapa barua za mwalimu mkuu kila siku, uniambie kweli: hiki ni kitabu? Au ni maneno ya mwanamke aliyekosa mtu wa kuongea naye? Ukisema si kitabu nitakaa nayo tu nyumbani, sitalia. Labda kidogo.

Binti yako,
Bhoke, Mama Huruma


Issenye, Serengeti
3 Aprili 2024

Mwanangu Bhoke,

Marahaba. Goti ni lile lile, linatabiri mvua kuliko redio. Mengine yote salama. Mwambie Huruma akiendelea kung'ata nitakuja na pilipili.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nachapa. Nafanya jioni kazi ya ofisi ikiisha, mwalimu mkuu ameruhusu, na jana nimemaliza. Kurasa mia moja na kumi na nne.

Sasa nikujibu. Ni kitabu. Nimejuaje? Hilaria, matroni wetu wa bweni, alikuja ofisini kuomba karatasi, akaona ukurasa mmoja mezani. Akausoma amesimama. Akavuta kiti. Kesho yake akaja tena, hata salamu hakuna: "Mama, yule Mniko ameshavuka mpaka?" Nikamwambia huko sijafika. Akasema, "Basi chapa! Unangoja nini, na mtoto wa watu amesimama juani?"

Makosa madogo nimesahihisha. Machozi nimepunguza. Lilian alilia mara nne katika ukurasa mmoja, nimemwachia mara mbili. Mniko machozi nimemfuta yote, maana dereva wa lori akilia hivyo barabara ataionaje? Ila sura ya sita, ile ya mvua na turubai, sikugusa hata nukta. Niliichapa mlango nimefunga kwa ufunguo.

Kuna mchapaji mdogo Mwanza, anaitwa Makoye, ndiye hutuchapia kalenda za kanisa. Amekubali kutoa nakala hamsini za *Nisubiri Sirari*. Gharama usiniulize, hiyo ndiyo zawadi ya Huruma niliyochelewa kuleta. Jina la mwandishi nimemwandikia Bhoke Mama Huruma. Picha ya jalada nimemwachia mwenyewe. Vitakuja kwako kwanza, uvishike kwa mikono yako, kisha uniletee nusu. Walimu wanaviulizia hata hawajaviona.

Nakupenda,
Shangazi yako Tabitha


Nyakunguru
26 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Huruma mzima, anacheka. Sisi wengine tunasalimiana kwa tabu.

Boksi lako lilipanda basi Ijumaa. Kama limefika, nakuomba, usitoe hata kitabu kimoja mpaka nikuambie. Nitaeleza.

Vitabu vilifika Alhamisi. Nilikwenda stendi Nyamongo na Huruma mgongoni, nikafungua boksi palepale chini. Vinanukia upya. Kwenye jalada Makoye ameweka mwanamume na mwanamke wameshikana mikono ufukweni, nyuma yao minazi na bahari. Lilian wangu hajawahi kuona maji makubwa kuliko Mto Mara! Nikacheka, nikalia, nikacheka tena. Mwenye bodaboda akaniuliza, "Dada, msiba?" Nikamwambia ni kitabu, nimekiandika mimi. Akatazama jalada, akanitazama mimi na kanga yangu, akasema, "Huyu wa pichani siyo wewe."

Furaha yangu ilikaa siku mbili.

Jana tulikuwa uani tunapukuchua mahindi, mama mkwe, wifi yangu Veronika, na majirani wawili. Mama mkwe hajui kusoma. Akasema, "Lete hicho kitabu chako, mkwe wangu. Mikono inafanya kazi, masikio yamekaa bure." Shangazi, nilivyofurahi! Nikasimama kama mchungaji. Nikasoma mwanzo wote: "Mniko alipunguza mwendo wa lori. Mniko akamwona msichana mwenye beseni la ndizi. Moyo wa Mniko ukakosa breki." Hapa naandika tu ili uelewe, mdomo nimefunga.

Nilipoinua macho hakuna aliyekuwa anapukuchua. Mama mkwe alikuwa ameshika gunzi kama mtu aliyepokea simu ya habari mbaya. Akainuka, akaingia ndani. Baba mkwe alikuwa amekaa kwenye lango la zizi, hatua ishirini tu kutoka tulipo. Naye akainuka, akachukua fimbo, akaenda kwa ng'ombe.

Veronika akaninong'oneza, "We mke wa Simon, una wazimu? Hilo ni jina la baba."

Sikujua, shangazi! Naapa mbele ya Mungu. Miaka minne niko hapa namsikia ni Mzee Elia. Kanisani Elia, kwenye kitambulisho Elia. Jina lake la kuzaliwa wanalitaja watu wa rika lake tu, na wengi wao wameshakufa. Na kwa kuwa mkamwana haruhusiwi kulitamka jina la baba mkwe, hakuna aliyewahi kunitajia, eti ndilo hili, jihadhari nalo. Walikuwa wananisifu: mke wa Simon ana heshima, hajawahi kuteleza. Kumbe nilikuwa sijui pa kutelezea. Sasa nimelitamka mara tatu kwa sauti ya kusoma mbele ya majirani, tena nimelitia kwenye mapenzi. Fikiria sura ya sita, shangazi. Ile ya turubai!

Jana chakula cha jioni baba hakugusa nilichopika. Leo amepikiwa na Veronika. Hajafoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Amemwambia Simon neno moja tu, kwamba vitabu visitoke mpaka yeye aamue. Viko chini ya kitanda chetu. Simon akaniambia, "Majina yote ya Tarime, Bhoke. Yote!"

Kwako sifichi. Mimi nataka vitoke. Nataka mtu nisiyemjua kabisa amsubiri dereva wangu pamoja na Lilian. Lakini mzee huyu alimchinjia Huruma mbuzi siku alipozaliwa, na watu walikuwa wananuna kwamba ni msichana. Siwezi kuwa mimi wa kumwaibisha. Nifanyeje?

Binti yako,
Bhoke


Issenye
2 Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba, na pole. Niko mzima. Nilisoma barua yako nikacheka, Mungu anisamehe, halafu nikaacha kucheka.

Boksi lilitangulia barua. Vitabu tisa vilikuwa vimeshatoka. Kumi na sita nimevifungia kabatini, ufunguo ninao mimi. Hao tisa nimewaomba warudishe. Hilaria amesema chake atakirudisha akifa.

Mimi ni wa upande wako. Nikija huko sasa nitaonekana nimekuja kugombana. Wewe huwezi kumweleza mzee, maana ukimweleza utalitaja. Simon ni mtoto wake, naye mdomo wake umefungwa. Anatakiwa mtu anayeweza kulitaja jina hilo bila kosa. Umesema wa rika lake wengi wamekufa. Wengi siyo wote. Mtafuteni aliyebaki. Apewe kitabu, yeye ndiye amwambie mwenzake kilichomo.

Na usivichome moto ili kumpendeza mtu. Kosa lako umelifanya hujui, hilo lina dawa. Ukivichoma utakuwa umefanya unajua.

Endelea kupika vizuri, hata kama hali.

Shangazi yako


Nyakunguru
21 Julai 2024

Mpendwa shangazi,

Shikamoo. Tuambie goti likoje na hii baridi. Huruma anatembea! Hatua tano, anaanguka, anatafuta wa kumlaumu. Samahani kwa kukaa kimya wiki saba. Sikuwa na jibu la kukupa, na barua ya kulia tu sikutaka kukuandikia.

Simon alimpata Mzee Nchagwa, upande ule mwingine wa kijiji. Wa rika la baba amebaki yeye tu huku kwetu. Alikuja Jumanne moja ya mwezi wa sita, alasiri, miwani imefungwa kwa uzi, na hajafika hata langoni alishaanza kelele:

"Mniko! We Mniko! Umekuwa dereva wa lori lini, mura, na baiskeli ilikushinda?"

Baba akasema, "Nenda zako."

"Siendi. Nasikia umemwacha mtoto wa watu Sirari miaka miwili. Nimekuja unieleze ulikuwa wapi."

Wakakaa kwenye lango la zizi. Mzee Nchagwa akatoa kitabu alichopewa na Simon, akasoma kwa sauti, polepole, kidole kinafuata mstari. Mimi nilikuwa jikoni, mama mkwe kwenye kivuli cha ghala anachambua maharage. Siku ya kwanza alisoma sura moja, siku ya pili mbili. Nikagundua sentensi zangu ni ndefu mno, pumzi inamwishia katikati, anakohoa, anaanza upya. Nimejifunza hilo. Kila jina likifika anamgonga baba bega: "Sikia, Mniko, unavyopendwa!" Baba anatazama ng'ombe. Siku ya tatu nikamsikia baba anajibu, lakini siyo kuhusu jina. Alisema, "Hawezi kuvuka na mzigo huo bila karatasi. Watamkamata." Na kweli, ukurasa unaofuata wanamkamata. Baba akasema, "Nilisema."

Siku ya nne wakafika sura ya sita. Nilisimama nyuma ya mlango, uso unawaka. Mzee Nchagwa akasoma mistari minne, akasema, "Eh!" Baba akamnyang'anya kitabu, akakitia kwenye koti, akaingia nacho ndani kwake. Mwenzake akabaki nje anapiga kelele, "Mura, msomaji ni mimi! Turubai limefanyaje?"

Baba alikaa na kitabu karibu mwezi mzima. Alikuwa anakisoma mwenyewe, mlango umerudishwa. Chakula changu bado hakukigusa. Nilipika tu kama ulivyosema.

Jumapili iliyopita baada ya ibada akamwita Simon na mama. Mimi nikasimama pembeni na mtoto. Akaongea na Simon, mimi hakunitazama.

"Mwambie mkeo. Kosa ni la mdomo. Karatasi haina mdomo. Vitabu viende vinakokwenda. Lakini hapa nyumbani nisisikie tena jina hilo kwa sauti yake. Na apike ugali wa ulezi na kuku, Nchagwa aje tule, yaishe."

Alikuwa ameshageuka kuondoka, akasimama. "Na huyo dereva. Miaka miwili ni mingi. Mwanamume mwenye akili anarudi baada ya mwaka."

Nilipika. Alikula. Alimaliza, akaomba mchuzi.

Kwa hiyo fungua kabati, shangazi. Hapa kwangu vimeshatoka kumi na moja, vingi kwa wanawake wanaouza chakula machimboni. Mmoja aliniita barabarani, simjui, ni mgeni kutoka Geita. Alinitukana kwa sababu Lilian alikataa duka zuri lile. Nilitembea mpaka nyumbani natabasamu peke yangu.

Aliyekuwa amebaki njiani ni mama mkwe. Yeye alisikia mpaka ile mistari minne ya sura ya sita, kitabu kikafungwa. Kusoma hajui, na mimi nimekatazwa kutamka. Kila siku ananiuliza kwenye maharage, kwenye maji, "Sasa yule Lilian?" Nikachukua nakala moja na kalamu ya wino mweusi, nikakaa nayo siku tatu. Kila penye jina lile nimelikata, juu yake nimeandika Nestory. Safari hii niliuliza kwanza. Niliuliza ukoo mzima mpaka kwa Mzee Nchagwa. Hakuna Nestory, aliye hai wala aliyekufa.

Jana mchana Huruma alilala, tukakaa wawili kwenye kivuli cha ghala. Nikaanza pale walipoachia. Nikasoma ukurasa mzima, Nestory hivi, Nestory vile, na mvua inanyesha juu ya turubai. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, mikono imetulia kwenye ungo. Nikamuuliza, "Mama, jina hilo linasikika vizuri?"

Akatazama kule zizini. Baba alikuwa anafunga lango, anasukuma ndama kwa goti.

"Wewe soma Nestory wako," akasema. "Mimi huku ndani naweka wangu."

Nikaendelea kusoma.

Binti yako,
Bhoke, Mama Huruma