Msiba wa Mama Tuliokuficha

S.L.P. 3071,
Tarehe 9 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Waendeleaje na hospitali ya ugenini? Usingizi unakuja? Nesi aliniambia jana ulimaliza sahani nzima, nikashukuru Mungu. Sisi ni wazima wa mwili. Pacha wangu wamevunja kiti kingine, na kila mmoja anamsingizia mwenzake.

Barua hii nimeianza mara nne. Ulisema hutaki kusikia sauti yangu, na sikulaumu. Karatasi unaweza kuiweka chini, ukairudia ukipenda.

Aliyenipigia simu kunieleza hali yako ni mpishi wa meli yenu. Alisema, "Dada, ndugu yako ana siku tisa hasemi. Anaingia zamu kwenye mitambo, anatoka, analala na buti. Kuna nini huko nyumbani?" Wewe, tuliyekuita Chiriku kwa kuwa hukujua kunyamaza hata ukiwa na homa. Nikamjibu kwetu salama. Ulimi hauna mfupa, mdogo wangu. Mama alikuwa na wiki ya saba kaburini.

Hakuridhika. "Basi hii picha anayoitazama kutwa kwenye simu ni ya nani? Watu wamebeba jeneza." Kumbe binamu alikutumia pole, hakujua kwamba hujaambiwa. Nilikaa chini pale pale, sakafuni jikoni.

Mwezi wa tatu uliniambia hulali, na kwamba ukisimama sitahani maji yanakuita. Nikacheka. Nikakwambia jikaze, wewe si mwanamume? Mama alipofariki nikayakumbuka maneno yako, nikaogopa. Nikawaambia ndugu wote wafunge midomo mpaka ushuke melini; binamu tu nikamsahau. Ukimuulizia mama kila Jumapili, mara katoka, mara simu yake mbovu. Nilidhani nakukinga. Kumbe nilikuacha peke yako mara mbili: ulipoomba msaada, na ulipofiwa.

Mengine amenisimulia mpishi. Alihamishia godoro lake mlangoni kwako. Akamwendea nahodha, nahodha akakupumzisha zamu, akazungumza na daktari kwa redio, na bandari ya kwanza wakakushusha. Nilimuuliza kwa nini alijisumbua hivyo. Akasema aliwahi kufiwa na mtoto akiwa safarini, na hakuna aliyegonga mlango wake. Mtu baki amefanya kazi ya dada.

Shangazi, shemeji yako na pacha wanakusalimu. Mfikishie mpishi salamu zangu. Mimi namwonea haya.

Limebaki moja, na hili sijamwambia hata shemeji yako. Siku ile ya mwisho mama alisema, "Mpigie mwanangu nimsikie." Simu nilikuwa nayo mkononi. Niliogopa ungeisikia sauti yake ilivyokwisha ukaelewa. Nikamwambia meli haina mtandao. Akasema, "Haya, atapiga kesho." Na kweli ulipiga, asubuhi na mapema, wanawake wamejaa sebuleni wanalia. Nikatoka nyuma ya nyumba nikakwambia amelala.

Sikuombi msamaha leo. Ukiwa tayari, nipigie, hata kama ni kunitukana. Utakaloniuliza nitakujibu kweli tupu.

Mungu akurudishie usingizi wako, na akuweke karibu na watu wanaogonga mlango.

Akupendaye, ingawa alikosea namna,
Dada yako,
Mama Pacha