Usiunganishe Betri Mpaka Nije

3 Machi

Binti yangu,

Hujambo huko? Mama yako mzima, mimi nasumbuliwa na macho tu. Daktari anasema yakienda hayarudi.

Ndege yetu ya rimoti imebaki nyaya. Sevo, vile vimota vya kukunja mkia, nimeshazifunga, bado kuzichomeka kwenye risiva, kile kidude kinachopokea amri za rimoti. Tatizo rangi, zote naziona moja. Waya wa kahawia unakaa upande gani? Nataka niione ikiruka, hata mara moja.

Baba yako

20 Machi

Baba, shikamoo.

Pole na macho. Nakujua, mzee, ukishika kitu huachi. Umesahau ulivyochomeka betri kinyume, risiva ikafuka moshi, mama akatutimua sebuleni? Usiunganishe betri mpaka nije. Mwezi wa sita nipo hapo, tutairusha wote.

Binti yako

9 Julai

Binti yangu,

Za siku nyingi? Mwezi wa sita umepita, najua kazi zimekubana. Ndege iko mezani, naipangusa kila siku, betri kwenye droo kama ulivyoagiza. Mama yako anasema ningempangusa yeye vumbi hivi, angerudia usichana.

Asubuhi bado naona mabawa. Jioni sioni kitu. Njoo upesi, au niambie tu waya wa kahawia unakaa wapi.

Baba yako

14 Novemba

Binti yangu,

Natumaini u mzima, maana barua ya Julai hukuijibu. Usishangae mwandiko, ananiandikia jirani yetu mshona nguo. Macho yamepofuka kabisa.

Ningeweza kumwomba yeye anisomee rangi tangu mwanzo. Sikutaka, nilikuwa nakungoja wewe. Najuta, mwanangu, siwezi kukuficha. Betri bado iko kwenye droo.

Baba yako

26 Novemba

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, nikashindwa kuingia ndani. Ile ya Julai niliiweka pembeni nikisema nitajibu nikishapata likizo, nikujibu na tarehe kabisa. Nisamehe, baba.

Waya wa kahawia unakaa ukingoni mwa risiva, mwekundu katikati. Ni hivyo tu. Nilikuwa najua tangu Machi, nikakunyima makusudi ili unisubiri.

Nafika Jumamosi. Nitaunganisha mimi, wewe upapase mkia ujue kama unakunjika sawasawa. Ikipaa, nishike bega, nitakuwa nakwambia iko wapi.

Binti yako