Subana Uliyoondoka Nayo

Mwaka umetimia, fundi wetu, tangu ulipoondoka bila kutuaga, ukaacha koti la mteja mezani likiwa na mkono mmoja. Chai yako ilikuwa palepale pembeni ya cherehani, imepoa kama kawaida yako. Mkeo alikishika kikombe mara mbili kabla hajakubali kuimwaga.

Wanaosoma haya na hawakukujua, tuwaambie kidogo. Ulikuwa fundi wa nguo, kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, mlango unatazama ua wa wapangaji wote. Tepu ya kupimia ilikaa shingoni mwako hata ukienda msibani. Pini ulizibana midomoni, nane, kumi, na ukiulizwa jambo ulijibu kwa nyusi. Suruali ya mtu aliyekonda kwa maradhi uliipunguza kiuno bila kumuuliza kitu. Mtu mnene ulimpima ukaandika namba zake kimya kimya, ukijua foleni ina masikio.

Na ulikuwa na Pindo.

Alikuja mwenyewe, mbwa mdogo wa rangi ya chai ya maziwa, akalala ndani ya kapu la vitambaa, juu ya pindo la gauni la bibi harusi. Mkeo alishika ufagio. Wewe ulishika kipande cha ini. "Mkono mtupu haulambwi," ulisema, na tangu siku hiyo nusu ya maini ya nyumba hii ikawa ya mbwa. Mkeo alikwambia kwamba ungemfundisha yeye kwa maini namna hiyo, miaka arobaini, sasa hivi angekuwa anatembea juu ya kamba. Ulicheka mpaka pini zikamwagika.

Ulimfundisha polepole, kama mtu anayefumua mshono wa hariri. Hukumpiga hata siku moja. Pindo akifanya sawa, uligonga mezani subana yako, kile kikofia cha chuma cha kidole cha kati, ti, mara moja tu, halafu kipande cha ini. Akikosea hukusema neno. Ulirudi kwenye kazi yako, yeye akabaki anafikiri. Baada ya miezi minane alijua kukaa, kuzunguka, kuinama mbele ya wateja kama mhudumu wa hoteli, na kuokota chochote kilichoanguka, mkasi, tepu, hata kifungo, akakuletea. Akajua na kufa. Anaanguka ubavu, miguu imenyooka, macho yamefumba, watu wanamsikitikia, na hafufuki mpaka subana ilie. Waliokuja kupunguza suruali walirudi kesho yake na watoto wao, mkononi hawana nguo yoyote.

Habari za siku ile hatutaziandika. Tutaandika za baadaye, maana kuna jambo hatujakueleza.

Pindo aliacha kusikia. Tulimwambia kaa, akasimama. Tulimwambia njoo, akaenda mlangoni kukutazamia. Wiki ya tatu geti lilifunguliwa, akaingia mtu mwenye kofia kama yako, na Pindo akamrukia kwa furaha. Kumbe ni mwenye nyumba, mtu wa mkongojo. Alianguka kwenye saruji, mkono wake wa kulia ukavunjika.

Mwenye nyumba si mtu mbaya, na wewe ulilijua hilo. Alikuja na plasta mpaka kwenye kiwiko, akakataa kiti.

"Shemeji," alimwambia mkeo, "marehemu alikuwa ndugu yangu. Lakini ua huu una watoto saba. Jumamosi ya wiki ya pili, saa tatu asubuhi, nitaingia kwa geti hilo, nitatembea mpaka bombani na kurudi. Mbwa akitoka alipo bila ruhusa yako, basi na atoke moja kwa moja."

Kifungua mimba wako, dereva wa lori, hakungoja hiyo Jumamosi. Alitafuta kampuni ya ulinzi iliyokuwa tayari kumchukua Pindo. Mkeo aliuliza mbwa wa huko wanaishije. Akaambiwa mchana wanafungwa mnyororo, usiku wanazungushwa kwenye maghala. Alikwenda jikoni kukata maini, akajikuta anayakata vipande vidogo sana, kama ulivyokuwa unayakata wewe.

Kwake yeye haikuwa habari ya mbwa tu. Nguo ulizoshona zilikwisha ondoka na wenyewe. Kazi ya mikono yako iliyobaki ndani ya nyumba ilikuwa koti la mkono mmoja na mnyama huyo.

Hata hivyo, wiki ya kwanza mwanao huyohuyo alijaribu kumfundisha kwa sauti. Neno "kaa" lilisikika mpaka barabarani. Nesi wa chumba cha pili, aliyekuwa amelala baada ya zamu ya usiku, alitoa kichwa dirishani akasema yeye ameshakaa, sasa anaomba ruhusa ya kulala. Tulicheka, lakini kicheko kilikuwa cha juu juu. Pindo alikuwa anarudi nyuma hatua moja kila anapopigiwa kelele, na siku zilikuwa zinakwenda. Siku ya tano mwanao alivua kandambili akainua mkono. Mkeo akasimama katikati.

"Mama, mbwa tulimzika pamoja na baba," alisema mwanao. "Huyu ni ngozi tu."

"Basi hiyo ngozi usiipige."

Siku mbili hawakusemezana. Kwenye meza ya chakula walipitishiana chumvi kupitia kwa mkamwana wako.

Jumapili, zimebaki siku sita, mkeo alisema atamalizia lile koti, angalau kitu kimoja kiishe. Akakaa kwenye kigoda chako, akatega mkono wa pili begani, akabana pini midomoni kama alivyokuona ukifanya. Pindo akaja akasukuma pua yake kwenye kitambaa. Mkeo hawezi kumfukuza, mdomo umejaa. Akashusha kiganja, kama kusema hebu niondokee.

Pindo akakaa.

Mkeo aliweka koti mapajani. Akachora duara hewani kwa kidole. Pindo akazunguka. Akavuta vidole viwili kuelekea kifuani, na Pindo akatazama sakafuni, akaokota kipande cha uzi, akakileta.

Baba, sisi miaka yote tulidhani ni maneno, maana ulikuwa mtu wa hadithi. Mkeo alikuwa jikoni nyuma. Akitoka anakuta mbwa anacheza na watu wanapiga makofi, nani tena atautazama mkono wa fundi? Kumbe hadithi ulizitoa pini zikiwa kwenye kimto cha kuzichomekea, na mbwa ulimfundisha kazi ikiendelea, midomo imefungwa. Wiki nzima tulikuwa tunamfokea kwa kitu ambacho hakuwahi kufundishwa.

Lakini furaha ilikatika papo hapo. Mkeo alimpa ini, Pindo hakulichukua. Alikuwa anakitazama kidole cha kati cha mkono wa kulia. Alikitazama sana. Halafu akainuka, akaenda kulala chini ya cherehani, na kila alichoonyeshwa tena kwa mkono hakukifanya. Alikuwa amefanya kazi yake, akangoja aambiwe kwamba ni sawa, na hakuambiwa.

Mkeo akaitafuta subana. Kwenye droo, kwenye boksi la nyuzi, chini ya pasi, kwenye mifuko ya nguo zako zote. Mpaka jioni hakuipata. Akatoka nje, mwanao anaosha lori, akamuuliza kama ameiona. Mwanao aliendelea kusugua gurudumu lilelile ambalo lilikuwa limeshatakata.

"Ninayo habari yake," alisema mwishowe. "Nilimtilia baba mfukoni mwa koti alilozikwa nalo. Siku ile. Nilisema baba hawezi kwenda mikono mitupu."

Lilikuwa jambo zuri la mtoto anayempenda baba yake, na kwa jambo hilo zuri alikuwa amefukia sauti moja tu ambayo Pindo aliiamini. Alilijua tangu siku nyingi, tukaelewa sasa kwa nini alikuwa hawezi kumtazama mbwa yule machoni. Jitu zima, sabuni mpaka kwenye kiwiko, lililia limeegemea lori. Mkeo alimfuta kwa ncha ya kanga yake, hakumlaumu. Alimwambia kesho akatafute subana nyingine, nzito, ya chuma, asimletee ya plastiki.

Iliyokuja haikuwa yako. Yako ilikuwa imelika kwa miaka thelathini, ilisema ti. Hii ilisema ta. Pindo aliinusa, akapiga chafya, akageuka.

Basi mkeo akaanza mwanzo kabisa, kama ulivyoanza wewe. Ulikuwa na msemo wako, kwamba kwanza mbwa aamini, kazi itakuja. Akagonga, akatoa ini. Akagonga, akatoa ini. Hamwombi chochote. Mara ishirini asubuhi, ishirini mchana, ishirini jioni. Mpangaji mmoja akasema bibi sasa anamhonga mbwa. Jumatatu Pindo alikula tu, kama anayekula popote. Jumanne vilevile. Jumatano sikio moja lilisimama. Alhamisi ilipogongwa aligeuza kichwa kabla ini halijatoka, na mkeo akaifunika ile sahani kwa siku hiyo, asije akaharibu.

Ijumaa mwanao akajitolea kuwa mwenye nyumba. Alivaa kofia yako, akashika mpini wa ufagio, akaingia getini anachechemea, hasemi neno. Mara tano. Mara tatu Pindo alitulia kwenye mkeka wake. Mara mbili akaruka.

Kwa hesabu hiyo tukalala.

Jumamosi saa tatu kasoro, pikapu ya kampuni ya ulinzi ilikwisha fika, mwanao alikuwa amewaita zamani na hawakukubali kuahirisha. Injini haikuzimwa. Mwanao alisimama ukutani na mnyororo mkononi. Nesi alitoka na kanga mabegani akawa shahidi. Mkeo alikaa kwenye kigoda chako, uani, meza ndogo pembeni, Pindo kwenye mkeka mbele yake. Akabana pini midomoni. Nesi alimuuliza za nini, leo hakuna nguo. Mkeo akamjibu kwa nyusi.

Geti likalia. Mwenye nyumba akaingia, na siku hiyo pia alivaa kofia. Mkeo akashusha kiganja.

Pindo aliiona ile kofia. Mwili mzima ulimtetemeka kama cherehani inayokanyagwa bila kitambaa. Mkongojo uligonga saruji, hatua kwa hatua, mpaka bombani. Mwenye nyumba akageuka. Kurudi kulimpitisha karibu zaidi, hatua tatu kutoka kwenye mkeka, na hapo hapo ncha ya mkongojo ikateleza kwenye maji ya bomba. Aliwahi kushika nguzo ya kamba ya kuanikia. Mkongojo ukaanguka.

Kitu kimeanguka, na Pindo amefundishwa nini kitu kikianguka? Alinyanyuka nusu. Mnyororo ulilia mkononi mwa mwanao. Mkeo hakusogeza kiganja, hakufumba macho. Pindo aliutazama mkongojo, akamtazama mkeo, akautazama tena mkongojo. Akashuka, akakaa.

Mwenye nyumba mkono mmoja una plasta, wa pili umeshika nguzo. Hawezi kuinama. Hakuna aliyethubutu kumsogelea. Ndipo mkeo alipofanya lile ambalo hakulipanga: akavuta vidole viwili kuelekea kifuani.

Pindo akatoka kwenye mkeka. Alitembea, hakukimbia. Alimwendea mtu yuleyule ambaye yeye Pindo alimwangusha, na tulimwona mwenye nyumba akijibana kwenye nguzo. Pindo akauchukua mkongojo katikati kwa meno, akakaa mbele yake, akainua kichwa.

Ilichukua muda. Mwenye nyumba aliachia nguzo, akaupokea.

Mkeo alitaka kugonga, mkono ukamgomea. Subana haikuifikia meza. Pindo amegeuka, anangoja. Mwanao akaweka mnyororo chini, akaja akapiga magoti, akakishika kile kidole cha mama yake, wakagonga pamoja. Ta.

"Mpeni ini lake," alisema mwenye nyumba, huku anarekebisha kofia. "Na hiyo pikapu iondoke, inanijazia moshi uani."

Tangu siku hiyo Pindo yuko. Koti nalo lilikwisha. Mkono wa pili, wa kushoto, umeshonwa na mkeo, umepinda kidogo, na mwenye koti alipolivaa alisema fundi aliushona huu wa kushoto vizuri zaidi. Hatukumrekebisha.

Jambo moja mkeo hakuliomba mwaka mzima. Ishara ya kufa anaijua, kiganja kinageuzwa juu, lakini mkono wake ulikuwa haugeuki. Juzi, tukipanga maneno haya mezani, Pindo alifanya mwenyewe. Alianguka ubavu mbele ya cherehani yako, miguu imenyooka, macho yamefumba. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa. Mkeo alivaa subana, akagonga mara moja, na Pindo akaamka akaja kudai haki yake.

Wewe, fundi, tunajua huamki kwa kugongewa. Ila yako unayo, iko mfukoni mwa koti, mahali alipoiweka mwanao. Siku ya zamu yetu ikifika, igonge. Tutaitambua. Hiyo inasema ti.

Wanaokukumbuka ni mkeo, kifungua mimba wako na mkamwana wako, binti yako aliye mbali, wajukuu wanne, nesi wa chumba cha pili, mwenye nyumba, na Pindo aliyelala chini ya cherehani sasa hivi.

Daima, na kila siku saa ya maini, tutakukumbuka.